Marehemu wa Hamriya

Bahasha ilifika Hamriya, Maskati, mkononi mwa mwanafunzi aliyekuja likizo kutoka Uingereza, na juu yake limeandikwa jina la Mzee Marhoon. Kwa hiyo aliifungua Bi Nunu, mkewe. Ndiyo iliyokuwa kanuni ya nyumba ile tangu walipooana mwaka hamsini na moja: barua za mume hufunguliwa na mke, na chai ya wote hupikwa na mume. Mzee Marhoon hakumruhusu mtu kuligusa birika lake. Alikuwa mtu wa Tabora, na alisema wazi, mbele ya wakwe, kwamba watu wa Unguja wanachemsha maji tu, chai hawapiki.

Ndani mlikuwa na barua ya mjukuu wao Shihab na picha moja. Bi Nunu aliigeuza huku na huku akimtafuta mtu ndani yake. Hakumwona. Nyasi, mvua, ukuta wa kanisa, makaburi yamelala upande kama meno ya kikongwe, na katikati jiwe refu lenye msalaba juu.

"Huyu tumempeleka akasomee uinjinia au akapige picha makaburi ya watu?"

Reem, dada yake Shihab, ndiyo kwanza karudi kutoka benki, hata viatu hajavua. Akaichukua barua akaisoma kwa sauti. Shihab alikwenda kutembea mashamba na wenziwe, mvua ikawafukuza, wakajibanza kwenye uwanja wa kanisa la kijiji kisichofika nyumba arubaini. Pale pana jiwe la kuwakumbuka vijana wa kijiji waliokufa katika zile vita mbili kubwa. Majina kumi na moja ya Kizungu, na chini kabisa, peke yake, la kumi na mbili: Marhoon Said, askari, Burma, 1944.

Reem akanyanyua kichwa. "Babu, umekufa."

Mzee Marhoon alikuwa jikoni anaponda iliki. "Lini?"

"Mwaka arubaini na nne."

"Ndiyo maana goti linaniuma."

Bi Nunu hakucheka. Alikuwa mtu wa kucheka sana, nyumba yake ilikuwa haikosi watu kwa sababu hiyo, lakini kuna mambo mwanamke huyauliza kwanza. "Kijiji cha Wazungu kimekujuaje, Baba Bader? Nani huko alikuwa anakulilia?"

"Mke wangu, mimi Uingereza hata juu kwa ndege sijaipita."

"Jina halitembei peke yake."

"Subiri, bibi, inaendelea," Reem alisema, na kwa kweli iliendelea, kwani Shihab aliingia kanisani kuuliza akamkuta mama mmoja mtu mzima anapanga maua. Jina lake Bi Hobday. Baba yake alikuwa Kapteni Hobday wa Keya, jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki, na mpishi wa Kapteni Hobday kule Burma alikuwa askari kijana kutoka Tabora. Siku ya kuvuka mto kapteni alipigwa risasi ya paja, akabebwa. Alipozinduka akaambiwa kuwa mpishi wake alirudi ng'ambo peke yake, mto ukamchukua, imeonekana kofia tu. Vita vilipokwisha, kapteni akaenda kwa fundi wa mawe na jina la Marhoon likachongwa chini ya vijana wa kijiji chake. Kila mwezi wa Novemba wanakijiji husimama mvuani na kusomewa majina yote kumi na mawili.

Yote hayo kweli, isipokuwa mto ulimtema Marhoon maili tatu chini, akaokotwa na kikosi kingine, akalazwa na homa miezi mitatu, na alipotoka kapteni keshasafirishwa kwao.

"Nilitaka kumwambia babu yu hai," Shihab aliandika, "lakini nilikuwa na keki mdomoni, na yeye amenikumbatia analia. Nikasema nitamwambia akimaliza. Hakumaliza."

Na mwisho wa barua ndipo palipokuwa na kazi. Bi Hobday anakuja. Amekata tikiti ya meli ya watalii, itatia nanga Matrah siku moja tu, tarehe kumi na mbili Februari, naye anataka kufika nyumbani kumpa mkono mjane.

"Mjane gani?" Bi Nunu aliuliza.

"Wewe, bibi."

Wiki ile Mzee Marhoon aliipata. Akikaa kula, hana sahani. Bi Nunu anamwambia marehemu hawali. Akiuliza kanzu yake iko wapi, anaambiwa imeshatolewa sadaka. Jirani yao Bi Mahbuba, ambaye alikuwa akiingia mara tano kwa siku bila kubisha, aliuliza ikiwa Bi Nunu anapaswa kukaa eda ya miaka hamsini na tisa iliyopita ailipe, na Bi Nunu akasema atailipa kidogo kidogo, kila Ijumaa, kwa kutompikia mtu.

Lakini alipomwambia Reem achukue kalamu wamwandikie yule mama ukweli, Mzee Marhoon aliweka birika chini.

"Msiandike."

"Tusiandike? Tumdanganye mtu mzima wa watu?"

"Nunu." Akimwita jina lake namna ile, bila Mama Bader, basi ana jambo. "Pale barazani msikitini nikisema nilikuwa Burma wananicheka. Vyeti vyangu vya jeshi vilipotea Tabora. Nimesema weee, mpaka nimechoka. Nikifa, nikifa kweli, mtaniwekea jiwe kichwani na jiwe miguuni kama wenzangu, bila herufi, na nimeridhia, ndivyo tunavyozikana sisi. Lakini lile kule limeshachongwa. Mimi sikuliomba. Wakijua nnapumua, watakuja na tindo wanifute."

Bi Nunu alimtazama. Miaka hamsini na mbili ya ndoa, na hajapata kumsikia anaomba kitu zaidi ya chumvi.

"Mimi sintosema umekufa," alisema mwishowe. "Ulimi wangu hausemi uwongo, na pia ni mkosi. Lakini kama akikutaja, nitasema Mwenyezi Mungu akurehemu. Hata aliye hai anahitaji rehema. Wewe zaidi."

"Na nguo nyeupe za mjane?"

"Sivai."

"Na mimi nikae wapi?"

"Jikoni, nyuma ya pazia, na usikohoe."

Reem alikuwa anahesabu kwa vidole. "Bibi, babu amekufa arubaini na nne. Baba yangu amezaliwa hamsini na tatu. Akiuliza?"

"Mwambie sisi watu wa pwani tunachukua mimba ndefu."

Siku yenyewe asubuhi, Bi Nunu alimwambia Bi Mahbuba habari yote, kwa siri, kwa sababu siri isiyojulikana na Mahbuba ilikuwa haina ladha. Alimwambia hivi: leo Marhoon ni marehemu mpaka magharibi. Akamkamata mkono. "Mpaka magharibi, Mahbuba. Umenisikia?"

"Wallahi nimesikia. Mdomo wangu umefungwa."

Bi Mahbuba alikuwa amenunuliwa simu ya mkononi mwezi ule, na alikuwa bado anatafuta cha kuifanyia. Alimpigia dada yake wa Sidab tu. Dada yake alimpigia Bi Kheiria tu. Katika kupokezana huko yale maneno "mpaka magharibi" yalidondoka, pengine Ruwi penye makutano, na hakuna aliyeinama kuyaokota.

Saa nane na nusu mchana Bi Nunu alikuwa anapanga halwa na kaimati, akisubiri mgeni mmoja. Mlango ukagongwa. Akaingia Bi Kheiria na wakwe zake wanne, wote wamevaa nyeusi, wanalia tangu kwenye ngazi.

"Nunu, mwanangu! Ametutangulia!"

"Nani?"

Bi Kheiria akamkumbatia kwa nguvu zaidi. "Mskini, akili imemruka. Mwacheni, ndivyo inavyokuwa siku ya mwanzo."

Kabla hajajinasua wakaingia wa Sidab, na sufuria la wali. Kisha wa Matrah. Kisha akina mama wawili ambao hakuna aliyewajua. Waliona viatu vingi mlangoni wakapanda. Saa tisa haikufika, palikuwa na wanawake hamsini wamekaa mikeka mpaka barazani, ubani umefuka, misahafu imegawiwa, na mtu fulani keshaanza kutaja sifa za marehemu. Bi Nunu, na hapa lazima isemwe kweli, alikuwa na hofu kubwa moyoni na wakati huohuo raha. Nyumba haijapata kujaa namna ile tangu harusi ya Bader.

Alimvuta Bi Mahbuba pembeni. "Nilikwambia nini?"

"Shoga, mimi nilisema yote! Wao ndio hawasikilizi mpaka mwisho!"

"Watoe!"

"Nitawatoaje? Wamekuja na vyakula."

Akakimbilia jikoni. Mzee Marhoon alikuwa dirishani, birika mkononi, anachungulia barabarani.

"Nunu. Muhanna wa msikitini kaleta jeneza."

"Ondoka dirishani!"

"Liko juu ya pikapu. Wanaume kama thelathini." Akanyoosha shingo. "Na ni fupi. Miguu yangu itabaki nje."

"Marhoon, nnakwenda kuwaambia sasa hivi wewe ni mzima."

"Na yule mama?"

Mama mwenyewe ndiyo alikuwa anashuka kwenye teksi na Reem, aliyekwenda kumpokea bandarini. Mwanamke mrefu, kavu, umri wa miaka sitini na kitu, kofia ya majani na mkoba wa kamera. Aliona jeneza. Aliona wanaume wameinamisha vichwa. Alipanda ngazi, akasimama mlangoni, akawaona wanawake hamsini wanalia kwa sauti, na uso wake ukageuka rangi.

Akamwuliza Reem kitu kwa sauti ndogo. Reem akageuka kwa bibi yake, amejiuma midomo.

"Anauliza ni kwa ajili ya babu? Miaka sitini, na bado mnalia hivi?"

"Mwambie alikuwa mtu wa watu," alisema Bi Nunu.

Bi Hobday akatoa leso. Halafu, kwa heshima yote, akanyoosha mkono, akasema Kiswahili alichofundishwa na baba yake utotoni, pale baba alipokuwa akimlaza kitandani, naye hakujua hata siku moja kwamba si maneno ya mapenzi.

"Jambo! Simama sawasawa! Mizigo chini!"

Kilio kilikatika. Wanawake hamsini walitazamana. Bi Kheiria, kwa kuwa aliwahi kuwa na mume polisi, alisimama sawasawa.

"Anasalimia," Reem alisema haraka. "Kaeni, kaeni."

Akakalishwa kwenye godoro la heshima, ubavuni mwa Bi Nunu, akapewa kahawa, akapewa halwa, akapewa tena kabla ya kumaliza ya kwanza. Wale wanawake hawakujua huyu ni nani wala kwa nini amekuja, lakini Mzungu aliyekuja kuzika ni habari ya mwezi mzima, wakajisogeza. Naye akaanza kuhadithia, Reem anafasiri.

Alisema baba yake hakumtaja mtu yeyote wa vita isipokuwa Marhoon. Ile siku ya mto vikosi vilikuwa vimeshavuka, salama, mizigo imeshafungwa, na Marhoon akagundua kwamba kimeachwa kitu ng'ambo. Akarudi kukifuata.

Bi Nunu alitikisa kichwa kwa huzuni ya kujivunia. Hii aliijua. Ameisikia tangu hamsini na moja, na wageni, na bila wageni. "Sanduku la risasi," alisema.

Reem akafasiri. Bi Hobday akashangaa. "Hapana," Reem akarudisha. "Anasema lilikuwa birika."

"Birika?"

"Birika la chai. La kapteni."

Nyuma ya pazia la jikoni kikasikika kikohozi kidogo cha mtu aliyepaliwa.

"Birika!" Bi Nunu alisema, uso ameugeuzia pazia. "Miaka hamsini na mbili nalishwa sanduku la risasi! Nimewasomesha watoto hilo sanduku! Birika! Mwenyezi Mungu amrehemu, na nitamrehemu mimi mwenyewe jioni!"

Wanawake wakaitikia amin, amin. Bi Hobday, akidhani mjane amezidiwa na uchungu, alimshika mkono. Akaitazama saa yake. Ilikuwa saa kumi kamili. Akasema neno, na Reem akalifasiri.

"Anasema kila siku saa kama hii baba yake alikuwa anatoka barazani, na alipokuwa hawezi tena kutembea alikuwa anabebwa kwenye kiti. Anaita mara moja. Anasubiri. Halafu anaingia ndani. Mpaka siku aliyokufa, mwaka wa themanini na tisa. Na hakuna siku aliyojibiwa. Anasema amekuja hapa ili aite na yeye, mara moja tu, kwenye nyumba yake mwenyewe."

Bi Hobday akasimama. Akavua kofia. Akaelekeza uso kwenye pazia, kwa sababu ndiko kulikokuwa na nafasi, na akaita kwa sauti ya kiume, nzito, ambayo bila shaka haikuwa yake.

"Marhoon! Lete chai!"

Bi Nunu alifumba macho. Alijua. Mtu huwezi kulala ubavuni mwa mtu miaka hamsini na mbili usijue. Moyoni alikuwa anamwomba, kaa, kaa kimya, jiwe lako, kaa. Na huku anajua kwamba akikaa kimya hatomsamehe.

"Naam, afande!"

Pazia likafunguka. Mzee Marhoon akatoka na sinia, birika katikati, vikombe sita, mgongo umenyooka namna ambayo goti lake lilikuwa halimruhusu tangu mwaka wa tisini. Akapita kati ya mikeka. Bi Kheiria alipiga ukelele uliosikika mpaka kwa Muhanna na jeneza lake. Mmoja katika wale wawili wasiojulikana alizimia juu ya sahani ya halwa. Wengine walisoma kila walichokihifadhi.

Yeye hakumtazama yeyote. Alifika mbele ya Bi Hobday, akaweka sinia chini, akapiga saluti.

"Nimechelewa, afande. Birika lilikuwa mbali."

Reem hakufasiri. Hakuweza, alikuwa analia na kucheka pamoja, na Bi Hobday hakuhitaji. Alimtazama yule mzee kuanzia kofia mpaka ndara. Akakaa chini kwenye mkeka, akapokea kikombe kwa mikono miwili, akanywa. Akanywa tena. Halafu akamwambia Reem kitu kirefu.

"Anasema, babu, baba yake alisema chai yako ilikuwa na ladha ya dizeli."

"Maji ya ule mto!" Mzee Marhoon aliwaka. "Mwambie magari yote yalikuwa yanavuka palepale! Mimi nifanye nini?"

Ndipo hasira ikamwishia, akakaa na yeye, mzee tu, mikono magotini. "Mwulize lini watalifuta."

Reem akauliza. Bi Hobday alikuwa ameitazama ile picha ya jiwe, ambayo Mzee Marhoon aliisahau ukutani, juu ya saa, pale alipoipachika mwenyewe siku ya kwanza.

Akajibu taratibu. Amesema hivi: yeye ndiye katibu wa kamati ya lile jiwe. Wazee wa kanisa walibishana miaka tisa kuhusu kupaka rangi uzio. Yeye hana umri wa kuwapelekea jambo kubwa kama hili. Na isitoshe alikuja Maskati kumpa mkono mjane, na mjane amemwona. Mtu mwingine yeyote hakumwona.

"Hakukuona, babu," Reem alisema.

"Mimi huyu?"

"Wewe nani?" alidakia Bi Nunu. "Nyamaza, unasemaje na wewe hujaonekana?"

Tatizo likabaki moja. Kamati ilimpa Bi Hobday kamera na amri ya kurudi na picha ya jamaa za shujaa, itundikwe kanisani. Basi wakajipanga: Bi Nunu katikati, Bi Hobday kulia, Bi Mahbuba amejisukuma kushoto na simu yake ionekane, wanawake nyuma, waliotaka kujitanda wakajitanda, na yule aliyezimia ameinuliwa na halwa kidevuni. Reem lazima awemo, ni mjukuu. Nani apige? Wanaume wako chini wanabishana na Muhanna nani atalipandisha jeneza.

"Nipeni," alisema marehemu.

Alikuwa hajashika kamera maisha yake. Alirudi nyuma hatua tatu, akawapigia makelele wasogee, akapiga. Kisha akaenda dirishani, akatoa kichwa chote nje. "Muhanna! Rudisha hicho kitu, na ukileta tena, lete cha urefu wangu!"

Bi Hobday aliondoka na mkate wa kumimina, ubani, na kilo mbili za halwa. Mlangoni aliwageukia wote, macho mekundu, akawaaga kwa lile neno tamu kupita yote aliyofundishwa na baba yake.

"Vunja safu!"

Hakuna aliyevunja. Wali wa Sidab ulikuwa bado, na Bi Nunu alikuwa keshaanza kuwahadithia habari ya birika tangu mwanzo, kwa wale waliokosa.

Bahasha ya pili ilikuja Disemba, na juu yake lilikuwa jina la mjane, kwa hiyo kwa mara ya kwanza aliifungua mwenye haki. Picha mbili. Moja ni ya jiwe, maua mekundu ya karatasi yamelala miguuni mwake, na jina la kumi na mbili lipo, limeoshwa na mvua. Ya pili ni ukuta wa ndani wa kanisa, na fremu imetundikwa: wanawake wa Hamriya, vichwa vya waliosimama nyuma vimekatwa vyote, na robo nzima ya upande wa juu imefunikwa na kitu kikubwa, cheusi, cha mviringo.

Barua ilisema wanakijiji wanauliza kila Jumapili kile ni nini, naye huwajibu ni wingu, huko kuna mawingu ya ajabu.

"Wingu!" Bi Nunu aliivaa miwani, akaisogeza picha karibu. "Hata ile chale ya kisu cha vitunguu inaonekana." Akamtupia mumewe jicho juu ya miwani. "Haya, wingu. Maji yamechemka."

"Naam, afande," alisema Mzee Marhoon, na akaenda, huku amekitazama kidole gumba chake njia nzima mpaka jikoni.